Vyungu Viwili Visivyo na Alama

Jumamosi ile Zambeta aliwaacha wageni aliokuwa akiwatembeza waogelee ufukweni Faros muda mrefu kuliko kawaida, na wala haukuwa ukarimu. Alikuwa anajichelewesha. Alijua kwamba wakishavaa viatu na kushika njia ya mguu kwenda mji wa kale wa Kastro, pale njia inapopinda juu ya bahari wangemkuta Manthos, fundi wa mawe, na Manthos angemwambia jambo ambalo hakutaka kulisikia.

"Binti, leo umeamua kutuloweka mpaka tulainike?" Bi Despina alipiga kelele kutoka majini. Alikuwa mama wa makamo kutoka Thesaloniki, mnene, mcheshi, mwenye kofia pana ambayo hakuivua hata akiogelea. "Vidole vyangu vimeshakuwa zabibu kavu!"

"Maji ya hapa ni dawa, mama. Ongeza kidogo."

"Dawa ya nini? Mimi mzima. Mgonjwa hapa ni wewe."

Wenzake wakaangua kicheko, na Zambeta akajifanya anatafuta kitu mkobani. Wiki nzima alikuwa amewatembeza kisiwani, asubuhi ufukweni, mchana vilimani, jioni kwenye vichochoro vya mji wa kale, na wiki nzima Bi Despina alitazama mandhari kwa jicho moja na kumtazama yeye kwa jicho la pili. Aliona jinsi fundi wa mawe alivyosimama kila walipopita. Aliona chupa ya maji ikitoka mkono huu kwenda mkono ule, na vidole vikikawia kuachiana. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na hayafichiki hasa mbele ya mwanamke aliyekwisha kuozesha mabinti watatu.

Wakashika njia. Ulikuwa mwezi wa sita na kisiwa chote cha Sifnos kilinukia zaatari, kile kiungo cha porini. Maua yake ya zambarau yalifunika miteremko mpaka ukingoni mwa bahari, nyuki wamejaa humo hata huoni pa kukanyaga. Wageni walisimama kila hatua kupiga picha. Zambeta, ambaye siku nyingine angewahimiza, leo aliwaambia wapige tu, tena wapige na lile kanisa dogo kule chini, linapendeza.

Lakini njia ni njia, hata ukiitembea kwa ncha ya vidole itakufikisha. Manthos alikuwa amepiga magoti kwenye kona, anapachika jiwe la mwisho la ukuta. Alipowasikia aliinuka, akajipangusa vumbi kwenye suruali, na jua likamwangukia usoni. Zambeta akasahau jina la kisiwa kilichokuwa mbele yao baharini, naye alikuwa amelitaja mara elfu.

"Habari za njia?" akauliza Manthos, akimtazama yeye peke yake.

"Njia nzuri," akajibu Bi Despina kwa niaba ya wote. "Sisi wazee tutapumzika pale kivulini. Nyinyi zungumzeni habari za mawe."

Walibaki wawili. Manthos alichuma shada la zaatari ukutani, akaliviringisha vidoleni, kisha akalitia mfuko wa shati. Zambeta alijua tabia zake zote kwa sasa. Hiyo ilikuwa tabia ya mtu asiyejua aanzie wapi.

"Sema tu," akamwambia.

"Kazi imekwisha, Zambeta. Jiwe hili ndilo la mwisho. Wamenipa kazi kisiwa cha Astipalea, miaka miwili. Meli ni kesho alasiri."

"Kesho?"

"Kesho."

"Na mimi?"

"Wewe ndiye unayenifanya nisilale!" Sauti yake ilipanda, akaishusha haraka kwa ajili ya wale waliokuwa kivulini, ambao wote walikuwa kimya ghafla kama wako kanisani. "Nifanye nini? Nikuchukue kwa mlango wa nyuma kama mwizi? Baba yako nimemwendea mchana kweupe, na shati jeupe, na boksi la vitumbua vya asali. Ulisikia alivyonijibu."

Kastro nzima ilikuwa imesikia. Mzee Yakoumis, mfinyanzi, baba yake Zambeta, hakumjibu nyumbani bali kahawani, mbele ya wanaume wote wenye masikio. "Serifos?" alisema, akitaja kisiwa jirani alikozaliwa Manthos. "Serifos wanajua kuchimba chuma. Kupika hawajui. Mwanangu wa Sifnos, kisiwa cha wapishi, aende akale mawe?" Watu walipocheka, kichwa kikamvimba, akapiga meza: "Sikilizeni! Siku mtu wa Serifos atakapopika dengu, nami nikala nikapangusa sahani kwa mkate, siku hiyo nampa binti yangu, mbele yenu nyote!"

"Basi mimi nimepika," akasema Manthos.

"Umepika nini?"

"Dengu. Yaani leo jioni ninaipeleka kwa mwokaji. Shangazi yako amenifundisha, na chungu kaniuzia yeye. Kesho baada ya ibada nitaibeba mpaka mlangoni kwenu."

Zambeta alitaka kulia, akajikuta anacheka. "Manthos, mpenzi wangu. Baba akikuona mlangoni na chungu, dengu ataila paka. Hataonja hata kwa ncha ya ulimi. Unamjua."

"Namjua. Ila mtu akipanda meli bila kujaribu, atajilaumu mpaka kaburini."

Walitazamana. Kulikuwa na vumbi la mawe kwenye kope zake, na Zambeta akanyoosha mkono kulipangusa, akauacha mkono pale shavuni. Hakujali nani anaona. Alimpenda mtu huyu, alimpenda kwa moyo wake wote, na kesho alasiri moyo huo ungepakiwa melini pamoja na nyundo na patasi.

"Wanangu," ikaja sauti ya Bi Despina kutoka kivulini, "sisi hatuna haraka, lakini jua linatuchoma na nyinyi mnatuchoma zaidi."

*

Jioni, wageni walipokwisha kupotea vizuri kwenye vichochoro vya Kastro na kupatikana tena, Zambeta alimkuta baba yake jikoni anafunga chungu cha Jumapili. Dengu ziliingia na vitunguu, mafuta ya zeituni na maji ya mvua kutoka tangini, kisha kifuniko kikazibwa kwa unga uliokandwa. Tangu mkewe Maruso afariki, Mzee Yakoumis alifanya kazi hiyo mwenyewe, kimyakimya, na hakuruhusu mtu ashike.

"Baba, safari hii weka alama," akasema Zambeta. Kila nyumba Kastro ilikuwa na yake: huyu kitambaa chekundu, yule kamba yenye fundo, mwingine msalaba wa unga juu ya kifuniko. Tanuri la kuni la Mzee Lukas lilijaa vyungu usiku wa kuamkia Jumapili, na bila alama mtu angejikuta anakula cha jirani.

"Mfinyanzi aweke alama kwenye chungu chake mwenyewe?" Mzee Yakoumis alichukia. "Mimi ndiye niliyekifinyanga. Hata unifumbe macho nitakijua kwa kukigusa. Mama yako alinifunga kitambaa usoni mara moja kunijaribu. Nilikijua."

"Mama alikuwa anakufungulia upande mmoja, baba."

"Nani kasema?"

"Shangazi."

"Kaliroi muongo." Akakibeba chungu, akatoka. Mlangoni akageuka. "Yule wa Serifos anaondoka kesho, nasikia."

"Ndiyo."

"Afadhali." Alilisema kwa sauti ndogo, bila furaha yoyote, na Zambeta akamwona jinsi mabega yake yalivyosinyaa siku hizi ndani ya koti. Hasira yake ikapata mahali pa kujikwaa. Angemkasirikiaje kabisa mzee ambaye kila Jumapili bado aliweka kijiko cha marehemu mezani, kisha akajifanya amesahau kuhesabu?

*

Asubuhi ya Jumapili baada ya ibada, nusu ya mji ilikuwa imepanga foleni mlangoni kwa Mzee Lukas. Harufu ilishuka vichochoroni, ikapita vyumbani, ikawaamsha hata waliokesha. Zambeta alisimama na baba yake, akimtafuta Manthos kwa macho. Hakumwona. Labda ameghairi, akawaza, na hakujua kama anashukuru au anaumia.

"Yakoumis," akasema Mzee Lukas, akijifuta jasho, "leo nina kazi na wewe. Vimebaki viwili havina alama. Vyote vya mkono wako. Chako ni kipi?"

Zambeta akashtuka. Viwili! Manthos mtoto wa ugenini, nani angemwambia habari za alama? Akatazama nyuma kumtafuta shangazi yake. Shangazi Kaliroi alikuwa amesimama na mkoba kifuani, anatazama mbingu kama anatafuta dalili ya mvua.

"Unaniuliza mimi?" Mzee Yakoumis akasogea. Watu wakanyoosha shingo, maana walimjua. Akapapasa cha kwanza, akapapasa cha pili, akafumba macho ili kila mtu aone, akarudia cha kwanza. "Hiki."

"Una hakika?"

"Lukas, usimfundishe samaki kuogelea. Nipe mwanangu huyo wa udongo."

Akakibeba chungu kwa kitambaa, kichwa juu, mpaka nyumbani. Zambeta na shangazi wakamfuata nyuma.

Mezani walikaa watatu. Jibini, mkate, mvinyo, vijiko vinne. Mzee Yakoumis akavunja unga mkavu kwa kisu, akainua kifuniko, na mvuke ukapanda. Zambeta akavuta pumzi mara moja tu. Zaatari.

Baba yake hakutia zaatari. Hajapata kutia. Mbele ya macho yake akaona shada lile dogo likitumbukia mfuko wa shati, na uso wenye vumbi, na akashika ukingo wa meza.

"Unaumwa?" baba akauliza.

"Hapana. Njaa."

"Kula basi."

Akala. Zambeta hakuonja, hakuweza. Alimtazama baba yake. Kijiko cha kwanza kiliingia na kikakawia. Cha pili kikaenda polepole. Cha tatu Mzee Yakoumis akakiweka chini, akajipangusa pua kwa mgongo wa mkono.

"Kaliroi," akasema. "Onja."

"Naonja, kaka. Ina nini?"

"Ina nini! Hii haina mfano. Tangu Maruso aondoke, mimi kila Jumapili nakula dengu ili siku ipite. Leo..." Akameza. "Leo nimepatia. Hata sijui nimefanyaje, ila nimepatia. Laini, tamu, inayeyuka. Zambeta, mimi bado nipo!"

"Upo, baba," akasema Zambeta, na machozi yakamtoka bila ruhusa.

"Sasa unalia nini, mjinga wewe?" Akacheka, mara ya kwanza tangu majira ya baridi. Akajipakulia tena. Akala kwa kelele, akasifu kitunguu, akasifu maji ya mvua, akajisifu mwenyewe kwa marefu na mapana. Kisha akamega pande la mkate, akazungusha sahani pembe hadi pembe mpaka ule udongo ukang'aa, akalitia mdomoni, akaegemea kiti.

Hapo ndipo mlango ulipobishwa.

Manthos alisimama kizingitini na begi la safari begani, shati jeupe, na chungu mikononi. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi masikio.

"Mzee, samahani kukuvurugia chakula. Nakwenda bandarini, basi liko pale langoni. Ila nadhani nimechukua chungu chako. Nilichelewa kwa mwokaji, nikapewa kilichobaki. Nimekifungua nikaona si changu. Sijala hata punje moja, naapa."

Mzee Yakoumis akatazama chungu mikononi mwa kijana. Akatazama chungu mezani. Akainama, akakinusa. Mwisho akaitazama sahani yake, safi kabisa, haina hata tone.

Shangazi Kaliroi ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka puani, akajaribu kukizuia kwa kitambaa, kikamshinda.

"Kaliroi!"

"Kaka, nisamehe! 'Hata unifumbe macho!'"

"Wewe ulimwambia kijana asiweke alama?"

"Mimi? Mimi mwanamke mzee, nasahau mengi."

"Nilikuwa na njaa," akafoka Mzee Yakoumis. "Mwenye njaa hula chochote."

"Sahani umeipangusa kwa mkate," akasema dada yake, sasa bila kucheka. "Ulisema mwenyewe kahawani, Yakoumis. Wanaume wote wa Kastro ni mashahidi. Ahadi ni deni."

Zambeta aliinuka. "Baba, sitaki unitoe kwa sababu ya deni la kahawani. Sitaki hata kidogo. Nataka uniambie hapa, mbele yake, ana ubaya gani. Si Serifos yake wala si kupika. Kupika umeshaona."

Mzee akakishika kile kijiko cha nne kisicho na mtu, akakigeuza.

"Hana ubaya," akasema hatimaye. "Ni fundi. Mikono yake nimeitazama kwenye ule ukuta. Nilikwenda kuitazama peke yangu, msidhani sikwenda. Lakini leo yuko hapa, kesho Astipalea, keshokutwa sijui wapi. Atakuchukua, Zambeta. Lazima mwanamke amfuate mumewe anayehamahama. Na mimi nitakaa hapa na chungu kimoja, nimpikie nani?"

Zambeta alikuwa amejiandaa kwa kila neno isipokuwa hilo, na lilimpasua. Alitaka kwenda kumkumbatia, lakini Manthos alitangulia. Aliweka chungu mezani taratibu, akavua begi.

"Mzee, kwani Sifnos nyumba anapewa nani?"

"Binti. Unauliza nini? Binti, na mume anahamia kwake. Tangu enzi za mababu."

"Na Serifos ni hivyohivyo. Mimi nina dada wanne."

Mzee Yakoumis akamkazia macho.

"Wa kwanza kachukua nyumba ya mama," Manthos akaendelea. "Wa pili ya bibi. Wa tatu na wa nne wamegawana ya shangazi, kila mmoja ghorofa yake, na wanagombania ngazi. Mimi sina hata dirisha. Nahamahama kwa sababu sina pa kurudi, si kwa kupenda. Nani kakwambia nataka kumpeleka mahali? Mimi ndiye ninayeomba kuhamia, baba. Nilidhani unajua. Nilidhani hunitaki nyumbani kwako."

"Sasa mbona hukusema hivyo?"

"Ulinipa nafasi? Uliniuliza habari za dengu!"

Shangazi Kaliroi akajipiga paja. Zambeta alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, hajui kipi ni kipi. Nje, upande wa lango la mji, basi la bandarini likapiga honi. Likapiga tena, refu. Manthos aligeuka kutazama mlango, kisha akamtazama Zambeta, na macho yale yakauliza swali ambalo si yeye wa kulijibu.

Mzee Yakoumis akainuka. Akawapita wote bila neno, akaenda kibarazani, akaweka mikono mdomoni, akamwita dereva wa basi.

"Nenda wewe!" sauti yake ikavuma kichochoroni. "Nenda, Stelio! Huyu hapandi!"

Madirisha yakafunguka juu na chini. Kutoka mgahawa wa kona, ambako wageni wote walikuwa wakila na bila shaka wameshasimuliwa kila kitu, kofia pana ikarushwa hewani, na Bi Despina akapiga kigelegele kilichowaamsha paka wa Kastro nzima.

Zambeta hakungoja. Alimrukia Manthos shingoni, na Manthos akamshika kama mtu anayeshika ukuta unaotaka kuanguka, kwa mikono miwili na kwa nguvu zote. Shati lake lilinukia sabuni, na chini ya sabuni, zaatari.

"Tosha, tosha, baba mtu yupo," akasema Mzee Yakoumis akirudi. Macho yalikuwa mekundu na alijitahidi kuyakasirisha. Akavuta chungu cha pili, kilicho chake mwenyewe, akachota kijiko, akaonja. Uso ukajikunja.

"Vipi?" akauliza dada yake.

"Sikutia chumvi."

"Uliitia wiki iliyopita?"

"Kaliroi, nyamaza." Akamsukumia Manthos kiti kilichokuwa kitupu muda mrefu, akamwekea mbele kile kijiko cha nne. Zambeta akaona, na akajua baba yake ametoa kitu kikubwa kuliko binti. "Kaa, mkwe. Kata mkate. Ile kazi ya Astipalea waandikie wamtafute mwingine. Ngazi za Kastro zimebomoka zote. Na Jumamosi ijayo hatupeleki viwili kwa Lukas tena, tusije tukatiana aibu. Kesho nitafinyanga kimoja."

"Kimoja kinatosha?" akauliza Manthos.

Mzee Yakoumis akamtazama binti yake, kisha mkwewe, kisha akapanua mikono yake ya udongo juu ya meza, akapima, akaona haitoshi, akaipanua zaidi.

"Kikubwa," akasema.